Ndoo Nyuma ya Banda

Jumatatu, 2 Machi 1987

Daftari hili kanipa Katana, kocha wetu. Alimgawia kila mchezaji lake, ati tuandike kila siku tumekimbia mizunguko mingapi na tumelala saa ngapi. Nduku, kipa wetu, tayari kampa mwanawe lake afanyie hesabu. Mimi nitaandika nitakavyo. Mizunguko: kumi na miwili. Kulala: hayamhusu.

Asubuhi Baya bawabu alinipokea langoni na chaki mkononi. Mwaka jana, msimu wangu wa kwanza, kila nilipotia bao alichora mstari mmoja ukutani, pale juu ya saa tunapogongea kadi za kazi. Msimu ulikwisha kwa mistari kumi na minne. Kiwanda kizima cha magunia kilikuwa kikiingia kazini chini ya mabao yangu. Leo kaifuta yote kwa kitambaa cha maji.

"Mwaka huu ishirini, Mwanatatu," akasema. "Nimenunua chaki mpya."

Nilicheka. Ishirini ni nini kwa mtu aliyetia kumi na manne bila kujua anafanya nini?

Niandike na hili, nisije nikajisahau. Mimi ni kibarua. Nilichukuliwa kiwandani kwa sababu ya mchezo wa magongo, nikapewa mashine ya kushona midomo ya magunia, na barua yangu inakwisha tarehe 30 Juni. Mwezi wa Disemba Bwana Ngowa, meneja wa wafanyakazi, aliniambia, "Binti, fanya ulivyofanya mwaka huu, nami nitakuandika wa kudumu." Wa kudumu ana likizo, ana matibabu, na harudishwi nyumbani siku ambazo kazi ni chache. Nimemwimbia Bibi yangu nyumbani maneno hayo mpaka kaniambia ninyamaze.

Jumamosi, 14 Machi

Mechi ya kwanza, na timu ya walimu. Suluhu, hakuna bao. Nilipiga mara tatu, mbili zikaingia wavuni. Nilishaanza kurukaruka. Refa akasema nimepigia nje ya duara, na katika magongo bao la nje ya duara si bao. Msimu wa pili huu na bado nasahau mstari uko wapi.

Jumatatu, 16 Machi

Baya: "Mangapi?" Hata salamu hakuna.

Jumamosi, 28 Machi

Tumeshinda moja bila. Bao la Jael.

Jael ni kiungo wetu, mtu wa bara, mrefu, mwenye kelele. Mipira yote hupitia kwake. Mwaka jana nilikuwa nikiinua macho tu, mpira umefika. Mwaka huu aushika, aupapasa, atazama kulia, atazama kushoto, na anapoutoa mimi nimeshazungukwa na mabeki wawili. Leo aliona ni heri aupige mwenyewe. Ukaingia.

Bwana Ngowa akampa soda ya bao. Huo ndio mtindo wake: mechi ikiisha, mtia bao huitwa mbele ya watu wote, meneja mwenyewe humfungulia chupa, na watu hupiga makofi mpaka aimalize. Mwaka jana nilikunywa soda mpaka Bibi akaniambia meno yataoza. Leo nilipiga makofi na wenzangu, viganja vikawa vinaniwasha.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua. Mizunguko: sifuri. Mabao: sifuri.

Jumamosi, 11 Aprili

Hakuna.

Jumatatu, 13 Aprili

Kule kiwandani wachezaji huachilia mashine saa tisa kwenda mazoezini, na wanaobaki hugawana magunia yetu. Mwaka jana wale akina mama walikuwa wakisema, "Nenda mwanangu, twakushonea." Leo mmoja kaniuliza, kwa sauti ya kumsikizisha msimamizi, "Na wewe huko huenda kufanya nini hasa?"

Nilimwendea Katana nikamwambia Jael ananinyima mpira makusudi. Katana ni Mgiriama wa Mwakirunge, mtu wa maneno machache, na machache hayo huyatoa kama mtu atoaye jino.

"Tatu, mwaka jana walikuwa hawakujui. Mwaka huu washakusoma. Na wewe wawasaidia kusoma, maana wasimama palepale."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Mizunguko ishirini," akasema.

Simpendi Katana. Naandika hapa kwa kuwa kwingine siwezi kulisema.

Jumamosi, 25 Aprili

Bao! La kwanza. Wala halikuwa na uzuri wowote. Matope yalikuwa mpaka kwenye vifundo, mpira ukakwama mstarini kwao, kipa wao kaanguka, mimi nikausukuma kwa ncha ya gongo kama mtu atoaye kaa jikoni. Hata hivyo soda nilikunywa, na ilikuwa tamu.

Alhamisi, 30 Aprili

Mwezi umeandama, leo Ramadhani mosi. Katika timu wenye saumu ni wawili tu, mimi na Mwanarehema wa Mtongwe, mchezaji wa akiba. Ana miaka kumi na minane, hajaajiriwa bado, yuko majaribioni. Akifaa ataandikwa kibarua mwezi wa Julai. Ananifuata kila niendako, akifunga kamba za viatu ninavyofunga mimi.

Leo mazoezini lilitokea jambo ambalo nitamsifia Jael, ingawa sikupenda. Ndoo ya maji ya kunywa hukaa pembeni ya kiwanja, na kikombe chake cha bati. Jael aliichukua, akaihamishia nyuma ya banda la kuwekea magongo. "Hatuwezi kunywa machoni pa wenye saumu," akawaambia wenziwe. Wote wakawa wanakwenda nyuma ya banda kunywa, hata Nduku ambaye magoti yanamuuma. Katana naye alizima sigara yake.

Jumamosi, 9 Mei

Mechi imeahirishwa. Kiwanja cha Airport kimekuwa bwawa. Ndege zatua juu ya vichwa vyetu na vyura wazijibu.

Jumapili, 17 Mei

Jana sikuweza kushika kalamu. Naandika leo asubuhi, mambo yote, yalivyokuwa.

Kwanza niseme wazi. Tangu Alhamisi niko mwezini. Mwanamke aliye katika siku zake hana saumu. Halali yake ale na anywe, na siku hizo atazilipa baada ya Idi. Kwetu Likoni kila mwanamke anajua hilo, na kila mwanamke hulificha. Siku hizo twala jikoni, mlango umerudishwa, masikio yako nje. Kikohozi cha mwanamume kikisikika uani, tonge hufichwa chini ya kawa. Ndivyo nilivyolelewa, na sikuwahi kuona ubaya wake mpaka jana.

Tulicheza na timu ya wauguzi, wanaoongoza. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi, na saa kumi jua lilitoka kwa kisasi. Bwana Ngowa alileta viti na wageni wa ofisini. Aliniita kabla hatujaanza: "Leo nataka kuona Mwanatatu wa mwaka jana." Nikamwambia inshallah.

Kipindi cha kwanza nilikimbia kuliko siku zote za msimu huu. Walitutia bao moja la kona fupi, nasi tukawabana. Refa alipopuliza mapumziko ulimi wangu ulikuwa umekauka. Moyoni nilishapanga: nitakwenda nyuma ya banda kama niendaye kurekebisha soksi, ninywe vikombe viwili, nirudi. Nani angejua?

Ndoo ilikuwa imesahauliwa pembeni, karibu nami kabisa. Jael akaiona.

"Ah, pole Tatu! Nani ameacha hii hapa?" Akaikamata akakimbia nayo nyuma ya banda, na timu nzima ikamfuata kwa adabu, polepole, kama watu wanaosindikiza jeneza. Tukabaki wawili kwenye majani, mimi na Mwanarehema. Akanishika mkono.

"Dada Tatu, tukae papa hapa, tusiyasikie yakichotwa. Nikikuona wewe wavumilia na kucheza juu yake, nami najipa moyo."

Ningemwambia nini? Katana alikuwa hatua tatu kutoka kwetu. Bwana Ngowa na wageni wake walikuwa wanatutazama, na mmoja wa wageni alisema kwa sauti, "Hawa ndio wanaofunga? Masikini." Kuinuka wakati ule kwenda kwenye ndoo ni kuwaambia wote mambo mawili, wachague: ama nakula mchana wa Ramadhani bila udhuru, ama niko mwezini. La kwanza ni uongo na la pili ni aibu. Nikakaa. Nikasikia kikombe kikigonga ndoo mara kumi na moja.

Dakika za mwisho tukapata penalti. Katana akanionyesha mimi kwa kidole. Mwaka jana nilipiga nne, zote ndani. Nilipoinama juu ya mpira nikauona mmoja, halafu miwili, halafu ukarudi mmoja. Nikausukuma. Ulikwenda taratibu mpaka kwa kipa wao, naye akauzuia kama mtu azuiaye kifaranga kisiingie ndani. Kisha miguu yangu ikakunjika.

Nilipofumbua macho Nduku alikuwa kaniweka kichwa mapajani, na Katana ananimwagia maji usoni. Kwa mkono wa pili alikuwa kaniziba mdomo, kwa makini, lisije likaingia tone nikaharibu saumu yangu. Maji yote yale yakinipita juu ya midomo! Nilitaka kumng'ata kidole.

Tulishindwa moja bila.

Jumatatu, 18 Mei

Baya hakuniuliza mangapi. Alisema, "Pole mwanangu, saumu ina kazi." Wale akina mama wa mashine nao, pole, pole. Kila aliyenipa pole nilimchukia kidogo.

Saa nne Katana aliniita stoo, kati ya marobota ya katani.

"Meneja asema saumu ndiyo imekuangusha."

Akaegemea robota.

"Asema si ubaya, kila mtu na dini yake. Lakini kiwanda hakiwezi kuandika wa kudumu mtu ambaye mwezi mzima katikati ya msimu hana nguvu. Barua yako haongezi. Na yule wa Mtongwe, Mwanarehema, asiendelee na majaribio. Asema kuanzia sasa tutafute wasiofunga."

"Nawe ulisemaje, kocha?"

"Nilisema nimecheza miaka tisa na mabeki wa Kisauni, wana saumu zao, na wakinipiga chini kila Ramadhani." Akatazama viatu vyake. "Akasema yeye aliona kwa macho yake."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa mafupi: siku ile sikuwa na saumu. Nilifungua mdomo, nikamwona vile alivyo, mwanamume wa rika la babangu, mwenye filimbi shingoni. Ningemwambia mimi, Mwanatatu binti Rama, kwamba niko mwezini? Nikafunga mdomo. Nikasema, "Sawa."

Sawa nini, mpumbavu mimi?

Jumatano, 20 Mei

Mvua. Nimetwahirika, saumu imerudi. Nina deni la siku sita.

Jumanne, 26 Mei

Nilidhani jambo baya kabisa la msimu huu ni ile penalti. Halikuwa hilo.

Leo mazoezini Mwanarehema alikuja ingawa jina lake limekatwa. Katana hakumfukuza. Tulikimbia mizunguko, na bwana meneja akasimamisha gari lake kando ya kiwanja kutazama, kama afanyavyo siku nyingine. Mwanarehema akaliona gari. Akatoka mbioni, akaenda nyuma ya banda, akarudi ameibeba ndoo. Akaiweka katikati ya kiwanja, akachota kikombe, akakiinua kama anayeonyesha hirizi, akanywa. Saa kumi na robo, Ramadhani ya ishirini na saba, mbele ya kila mtu. Akachota cha pili. Machozi yalikuwa yanamtoka na maji yanamwagika kifuani.

Gari likaondoka. Sijui kama meneja aliona hata.

Nilimkimbilia. "Mwanarehema, umefanya nini?"

"Nimewaonyesha kuwa mimi nanywa. Nataka kazi, dada. Wewe hata wakikukata una Bibi yako na nyumba. Mimi kwetu wananingoja." Kisha akanitazama kwa macho ambayo sitayasahau. "Wewe ni mkubwa wangu na saumu imekuangusha, na mimi ningeiweza vipi?"

Saumu haikuniangusha. Niliangushwa na haya, na huyu mtoto wa watu kaharibu siku yake ya Ramadhani kwa sababu ya haya yangu. Siku ya kuvunja kwa makusudi si kama siku yangu mimi, haisameheki kirahisi. Nilimpeleka mpaka stendi ya basi na sikumwambia neno. Hata hapo! Wallahi najichukia.

Jumatano, 27 Mei

Nilimwendea Katana. "Kocha, siku ile na wauguzi..."

"Usijali, Tatu. Saumu ni saumu."

"Siyo, kocha, siku ile mimi..."

"Nimekwambia usijali." Akaenda zake. Mtu akitaka kukufariji hukuziba mdomo vilevile kwa mkono.

Ijumaa, 29 Mei

Idi. Nilivaa, nikala biriani, sikuona ladha.

Baada ya chakula nilimweleza Bibi Mwanamkasi yote. Bibi ndiye aliyenilea. Kwa miaka miwili amekuwa akisema gongo ni la kuulia nyoka, nikadhani atafurahi yamekwisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akitafuna tambuu.

"Kwa hiyo yule bwana ameishitaki saumu kwa kosa ambalo haikufanya."

"Ndiyo, Bibi."

"Na wewe shahidi, ukakaa kimya."

"Bibi, ni aibu! Si wewe uliyenifunza tule mlango umerudishwa?"

"Nilikufunza usile mbele za watu. Sikukufunza uwaache watu waumie." Akatema nje ya dirisha. "Mficha uchi hazai, Mwanatatu. Kuna mahali pa kuficha, na kuna mahali pa kufunua. Ukienda kwa mkunga na kujifunika, utakufa na mwanao tumboni."

Jumatatu, 1 Juni

Madaraka, hakuna kazi. Nilikwenda Changamwe kwa Jael. Sikuwahi kuingia chumbani kwake. Ana kitanda, jiko la mafuta, na picha ya mamake. Nilipomwambia, alisimama akashika kiuno.

"Kwa hivyo mimi ndiye nilikunyang'anya maji?"

"Hukujua."

"Sikujua kwa sababu hukuniambia! Mimi ni mwanaume? Ungenikonyeza tu, Tatu. Ningemwaga ndoo yote kichwani mwako, ungekunywa hapo ndani kwa ndani."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikamwuliza lile la msimu mzima, mbona hanipi mpira. Akashangaa.

"Nakungoja ukimbie! Mwaka jana ulikuwa unakimbia kama mtu amekanyaga moto, nami natupa mpira mbele yako tu. Mwaka huu umekuwa mheshimiwa. Unasimama kwa duara kama mgeni anangojea chai."

Miezi mitatu nimemsengenya humu daftarini. Nimezirudia kurasa zile nikaona haya, na safari hii haya ya haki.

Alhamisi, 4 Juni

Nimeanza kulipa. Saumu ya kwanza kati ya sita.

Jumamosi, 6 Juni

Sikutia bao. Lakini nilikimbia, na Jael akanipa mipira saba. Mmoja uligonga mwamba. Baya kaniuliza kama mwamba unahesabiwa nusu.

Alhamisi, 18 Juni

Saumu nne, tano. Imebaki moja. Jumamosi ndiyo mechi ya mwisho, marudiano na wauguzi. Nimemwambia Bibi ile ya sita nitailipa siku hiyo hiyo.

"Kwa nini siku hiyo?"

"Niwaonyeshe."

"Saumu si ya kuwaonyesha mameneja."

"Basi nitakaa kimya."

"Wewe?" akasema Bibi.

Jumapili, 21 Juni

Jana. Nianze na daku: ugali wa usiku, maharagwe, na maji mengi. Nia nikaitia. Jael pekee ndiye aliyejua.

Mwanarehema alikuja kutazama, akakaa mbali, kule kwenye ua, kajifunika buibui. Bwana Ngowa alikuja na kreti zima la soda.

Sitaki kujisifu. Kiu ilinibana kuanzia dakika ya ishirini. Mapumzikoni ndoo ilikaa pembeni palepale, Ramadhani imekwisha, hakuna wa kuihamisha, na wenzangu wakanywa mbele yangu wakijimwagia na kucheka. Jael alikuwa akinitazama kwa pembe ya jicho. Niliinama nikafunga viatu ambavyo havikuwa vimefunguka.

Bao lilipatikana dakika sita kabla ya mwisho. Jael aliushika mpira, na sikungoja. Nilikimbia kabla hajainua uso, nikapita kati ya wale mabeki wawili, na nilipofika ndani ya duara mpira ulikuwa unanisubiri. Nilipiga mara moja. Kipa wao aligeuka kuutafuta. Sikuruka wala sikupiga kelele, maana sikuwa na mate. Moja bila, mpaka mwisho.

Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo. Magharibi ilikuwa bado zaidi ya nusu saa. Bwana Ngowa akasimama kitini.

"Mwanatatu! Njoo hapa!" Akafungua chupa kwa meno ya kifunguo, povu likamwagika mkononi mwake. Watu wakazunguka. Makofi yakaanza, pa, pa, pa. "Mnaona sasa? Tumbo likiwa na kitu, mambo yanakwenda. Kunywa, binti. Kunywa, tuzungumze habari ya barua."

Chupa ilikuwa baridi. Nilikuwa nimeishika kabla sijajua nimeishika. Nilijua kabisa: nikinywa, barua yangu iko mfukoni mwake. Makofi yakaendelea, kisha yakapungua, kisha yakaacha. Nikamtafuta Mwanarehema kule kwenye ua. Alikuwa amesimama.

"Bwana Ngowa," nikasema, "siwezi kunywa. Leo nina saumu."

Akacheka. "Ramadhani imekwisha, binti."

"Nalipa. Siku ile tuliyoshindwa, siku niliyoanguka, ndiyo ambayo sikuwa na saumu. Nilianguka kwa kiu kwa kuwa niliona haya kwenda kwenye ndoo. Saumu haikunifanya lolote. Wala haitamfanya lolote Mwanarehema."

Ndege ikapita, ikatua. Bwana Ngowa akakunja uso. "Sielewi. Siku ile ilikuwa Ramadhani, na wewe ni Mwislamu. Kwa nini hukuwa na saumu?"

Nilihisi uso wangu unaungua. Nikaanza, "Kwa sababu mwanamke..." nikakwama.

Nduku akasogea mbele na mapadi yake ya kipa miguuni, mama wa watoto watatu.

"Bwana Ngowa," akasema kwa upole, "wewe una mke nyumbani. Nenda ukamuulize."

Akina mama wa mashine waliokuja kushangilia wakapasuka. Kicheko kilianza kwa mmoja, kikaenda kwa wote. Wageni wa ofisini wakatazama saa zao. Masikio ya Bwana Ngowa yakabadilika rangi, nikaona ameelewa, na nikaona ameona haya kuliko mimi. Katana alikuwa kageuka, ananipa mgongo, mabega yakimtikisika. Sijawahi kumwona Katana akicheka, na hata jana sikuuona uso wake.

Nilikwenda mpaka kwenye ua nikampa Mwanarehema ile soda. "Hii ni yako. Na unisamehe."

Aliishika, hakuinywa. "Ulikuwa ukiyajua haya siku ile nilipokunywa maji?"

"Nilijua."

"Nitakunywa nikifika nyumbani," akasema. Sikumlaumu.

Jumatatu, 22 Juni

Baya kachora mstari wa pili. Mistari miwili, msimu mzima. Akarudi nyuma akaitazama, akanisalimu: "Hujambo Mwanatatu?" Salamu kamili, bila swali.

Jumanne, 30 Juni

Barua zimetoka. Jina la Mwanarehema limo, kibarua, miezi sita. Langu nalo limo: kibarua, miezi sita. Si wa kudumu. Bwana Ngowa hakunitazama usoni aliponipa. Alisema mabao mawili ni machache, na hapo sina la kumjibu, kwa sababu ni kweli. Msimu wa tatu ndio utakaoamua. Nimeudhika mpaka nimelia chooni. Ningekunywa ile soda...

Basi.

Nilipofika nyumbani Bibi aliuliza habari za barua, nikamwambia. Akaniuliza na ile saumu ya sita.

"Nimeshailipa, Bibi. Si siku ya mechi?"

"Ile uliilipa au uliitangaza?"

"Bibi!"

"Mimi si sheikh. Lakini ningekuwa wewe, ningeirudia."

Alhamisi, 2 Julai

Nina saumu, ile ya sita, na ajuaye ni Bibi tu. Hakuna mechi, hakuna mazoezi. Nimeshona midomo ya magunia mia mbili na kumi. Saa sita Jael alikuja kwenye mashine yangu na kikombe cha chai, akakiweka juu ya meza yangu, akanywa huku akinipigia domo la mwanamume aliyemwona Kiembeni. Chai ilikuwa na tangawizi, niliisikia. Hakukihamisha kikombe, hakuniuliza, na mimi sikusema.